Joho la Nane

Watoto wa Kakuma waliamini kwamba Yesu alikufa kwa kiu.

Sisemi kwa mzaha. Rafiki yangu Feza, Mkongo wa Bukavu anayefundisha katekisimu katika kambi ya wakimbizi ya huko, aliwauliza watoto wa darasa lake ni nani aliyemuua Yesu. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa binti yake mwenyewe, Neema. Akajibu: kiu. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akafafanua kwamba Yesu alitembea sana juani na mti mzito, akaomba maji alipofika juu, na maji yakachelewa.

Hawakulitoa hewani. Hivyo ndivyo walivyoona kwa macho yao kila Ijumaa Kuu. Kwa miaka yote ambayo watu wa kanisa lile wameigiza Njia ya Msalaba, hakuna mtu aliyekubali kuwa askari. Pilato alipatikana. Petro alipatikana, na hata Yuda, kijana mmoja mcheshi ambaye bado anaitwa Yuda sokoni. Lakini kuvaa nguo ya askari na kumpiga mtu mbele za watu waliokimbia askari, hapana. Basi Yesu wa Kakuma alijibebea msalaba, akaanguka mwenyewe, akainuka mwenyewe, akafika, akasema "Naona kiu", akafa. Na kila mwaka watoto walikimbia na vikombe vya maji kumwahi, na kila mwaka walichelewa.

Mimi hushona majoho ya kwaya hapa Kitale, na kwaya ya kina Feza ni wateja wangu wa zamani. Alinipigia simu Kwaresima ya mwaka huu wa 2013 akaniomba nimshonee majoho manane mekundu ya askari wa Kirumi na niyapeleke mwenyewe, ili nimsaidie kuwavalisha. Nilikwenda, nikarudi. Kwa kuwa kila mmoja wenu ameniuliza kipande chake cha habari, nimeona niandike safari yote kwa mpangilio, mpaka pale ambapo mimi mwenyewe sijui.

Kitale hadi Lodwar

Tuliondoka kwa basi Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi. Mnaijua baridi ya asubuhi ya Kitale. Nilivaa sweta mbili. Tulipoteremka Marich nilivua ya kwanza, na tulipofika Kainuk nilikuwa nimeikalia ya pili kama mto. Barabara kutoka hapo ni lami iliyokatika vipande vipande, na dereva hukwepa lami yenyewe na kupita pembeni kwenye mchanga, ambako ni laini zaidi.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa Nakiru, mama wa Kiturkana anayeuza samaki wakavu Kitale na kurudi Lodwar na viazi na kabeji. Alinisalimia "Ejok", nikamjibu "Ejok nooi", na kwa kuwa hayo ndiyo maneno pekee ya Kiturkana niliyokuwa nayo, akayachukua kama kibali cha kunilisha. Alikuwa na matunda ya mkoma, ule mti wa jamii ya mitende, magumu kama mbao, ambayo unayatafuna pembeni na kuambulia utamu kidogo kama wa sukari guru. Mpaka leo sina hakika kama huliwa kwa njaa au kwa kupitisha safari. Nilitafuna tunda moja kutoka Kainuk hadi Lokichar.

Kizuizi cha polisi kilikuwa kabla ya hapo. Mnakumbuka hali ya wiki zile: uchaguzi umekwisha, kesi iko Mahakama ya Juu, na kila askari wa barabarani anatazama mifuko. Aliyefungua mfuko wangu alitoa joho la kwanza, la pili, la tatu, yote mekundu, yote ya kimo kimoja, akaniuliza hiyo ni sare ya kikundi gani. Nikamwambia ni ya askari wa Pilato.

"Pilato yupi?" akauliza. "Alisimama wapi?"

Nikaanza kueleza habari za Pasaka, lakini maneno yakanitoka kinyumenyume, na akazidi kukunja uso. Nakiru ndiye aliyetoa kichwa dirishani akamwambia, "Afande, ni ule wa kunawa mikono." Yule askari akatazama joho, akamtazama Nakiru, akaanza kucheka polepole. Akaniambia kwamba kama nilitaka askari ningewaomba wao, kwani walikuwa wamechoka kusimama pale bila sinema. Kisha akalivaa lile joho juu ya sare yake, akashika bunduki kama mkuki, na mwenzake akampiga picha kwa simu. Nataka mlikumbuke hilo. Katika safari nzima, huyo ndiye mwanamume pekee niliyemwona akivaa joho langu kwa hiari, uso wake ukiwa wazi.

Springi ya basi ilivunjika mbele ya Lokichar. Tulikaa chini ya migunga siku iliyobaki, tukala mbuzi wa kuchoma aliyechinjwa kwa ajili yetu na wenyeji ambao, kwa maelezo ya Nakiru, hupenda basi liharibike karibu na kwao. Wenye watoto walinunua maji kwanza, sisi wengine tukasubiri zamu. Hakuna aliyepanga utaratibu huo. Lodwar tuliingia Jumamosi, na Nakiru hakuniacha nitafute lojingi. Alibeba mfuko wangu kichwani juu ya kabeji zake, akatangulia.

Lodwar, Jumapili ya Matawi

Huku kwetu Jumapili ya Matawi tunakata chochote chenye majani. Lodwar mkoma umejaa kingo zote za mto Turkwel, na watu waliingia kanisani na makuti marefu kuliko wao. Nakiru aliniambia nisishangae. Mkoma ndio mkeka wanaolalia, ndio kapu, ndio paa, ndio tunda nililotafuna. Kumpungia Yesu kitu kingine kungekuwa kumpa mgeni sahani ya jirani.

Padre alikuwa ameomba punda, akapatikana punda jike mtulivu wa shangazi yake Nakiru. Tatizo lilikuwa mpandaji. Kijana wa kuigiza Yesu alimtazama punda, akatazama umati, akakataa. Padre, ambaye hakuwa wa huko, alidhani anaogopa kuanguka, akamshikia punda kichwa. Kijana akazidi kurudi nyuma. Nilimuuliza Nakiru kulikoni.

"Punda ni ya mama," akasema. "Inabeba nyumba tukihama. Sasa mwanaume akae juu? Huyo ni mgonjwa, ama ni mzigo."

Wakabishana kwa upole kwa muda mrefu kidogo, na jua likipanda. Mwishowe shangazi mwenyewe akaamua: akamfungia punda madebe mawili ya maji, na Yesu akatembea kando yake ameshika kamba, kama mwana anayemsaidia mama yake. Tukaingia hivyo mjini tukiimba, chini ya kilima chenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, na kila aliyesikia kiu alichotewa maji kutoka mgongoni mwa punda. Nimeona maandamano ya Matawi mengi. Hayo ndiyo ya kwanza niliyoona punda akiwa na kazi.

Lodwar hadi Kakuma

Jumatatu Nakiru alinitafutia nafasi kwenye lori la unga lililokuwa likienda Kakuma. Dereva, Bashir, ni Msomali aliyezaliwa Garissa na kukulia usukani. Aliniweka mbele, akaniambia nisiguse kaseti zake, na hatukuongea tena hadi tulipofika kwenye lagga, mto wa msimu, iliyokuwa imejaa. Mvua ilinyesha huko milimani, si pale. Mbele yetu maji ya kahawia yalipita yakibeba matawi, na juu yetu anga haikuwa na wingu hata moja.

Bashir akazima injini. Alisema lagga haina hasira ya muda mrefu, akashusha jiko. Alipika spageti na nyama ya ngamia iliyokaushwa, akaikatia ndizi juu yake, na aliponiona nimeitenga ndizi pembeni alinionea huruma. "Mama, hiyo ndiyo chumvi yake," akasema. Niliila yote pamoja. Nimeipika hapa nyumbani mara mbili tangu nirudi, na mume wangu ameniomba nisirudie.

Tulipokunywa chai aliniuliza mfuko una nini, nikamweleza safari hii vizuri kuliko nilivyomweleza polisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao wanaamini Nabii Isa hakusulubiwa, Mungu alimnyanyua. Nikamwambia sisi tunaamini alisulubiwa kisha akafufuka. Akafikiri, akasema basi wote wawili tunakubaliana kwamba hayuko kaburini, na tusigombane ndani ya lori lake. Kilichomsumbua kilikuwa kingine.

"Wewe nabeba nguo ya askari," akasema, "napeleka kwa watu nakimbia askari. Nani atavaa?"

Nikamjibu Feza atakuwa ameshapata watu. Alinitazama kama alivyonitazama juu ya ndizi.

Maji yalipungua jinsi alivyosema. Alivua viatu, akavuka kwa miguu kwanza akipima chini kwa fimbo, akarudi, akavusha lori kwa kufuata nyayo zake mwenyewe. Upande wa pili kulikuwa na magari mawili yamekaa yanasubiri. Bashir alishuka tena akayavusha yote mawili kabla hatujaendelea, na hakuna aliyemwomba.

Kakuma kabla ya Ijumaa

Feza hakuwa amepata mtu hata mmoja.

Aliniambia akiwa bado amenikumbatia. Alikuwa amewaendea vijana wa kwaya, Wasudani Kusini warefu ambao majoho yangu yangewapendeza, wakasema watabeba msalaba, watambeba hata yeye Feza, lakini si mkuki. Alikuwa amewaendea Warundi, na mmoja akasema mama yake akimwona hivyo hatakula wiki nzima. Padre wao alimshauri aache, wafanye kama kila mwaka. Deng, kijana aliyekuwa Yesu, alijitolea kujipiga mwenyewe.

Jumatano jioni tulikaa mlangoni kwake tukichambua dengu. Neema alikuwa kwenye foleni ya bomba na dumu. Feza ni mtu wa kucheka, lakini siku hiyo aliongea bila kuinua macho.

"Mama Dorotea, kama ni kiu njo ilimuua, basi hakuna mutu alifanya kitu. Ni jua tu. Ni bahati mbaya." Akatupa jiwe dogo nje. "Na Neema nilimuambia vilevile. Nilimuambia baba yake alikufa na homa mu njia."

Nikamuuliza alikufa na nini. Akanieleza, kwa maneno machache, na sitayaandika kwa sababu ni ya Neema kwanza. Lilikuwa jambo la watu wenye sare. Akasema hawezi kumfundisha mtoto habari ya Mungu huku amemficha ya baba yake, wala hana pa kuanzia. Alitumaini kwamba mtoto akiuona ukweli mmoja, atauliza ule mwingine, naye atajibu. Kama Ijumaa ingepita tena bila askari, hakujua angeanzaje.

Aliyetuokoa ni Achol, mwenyekiti wa akina mama wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye ulimi unaoogopwa hadi kwenye foleni ya mgao. Alikuja kuazima ungo, akaona majoho yametundikwa, akauliza. Alipoambiwa kwamba wanaume wamekataa, akachukua moja akajipima.

"Wanaume yenu naogopa kitambaa," akasema. "Lete mimi. Mimi najua askari kuliko hawa vijana. Mimi nimewaona karibu."

Alhamisi asubuhi alirudi na wanawake wengine: Wasudani wawili, Wakongo watatu, Mnyarwanda mmoja, na Mama Goreti kutoka Burundi. Pamoja naye wakawa wanane. Wote ni wa makamo au zaidi. Feza aliwapanga uani na kuwaambia wapige kelele kama askari. Hawakupiga. Achol alimwambia, bila ukali, kwamba askari wa kelele anataka kuku wako tu. Wa kuua hupita kimya. Wakafanya mazoezi yao hivyo, kimya, na mimi niliyekuwa nimeshika pini mdomoni nilisahau kuzitoa. Jambo moja tu waliomba: kufunga nyuso zao kwa leso, ili watoto wasiwatambue mama zao wakaanza kucheka. Kwa vumbi la Kakuma, hakuna ambaye angeuliza.

Mchana Mama Goreti alirudisha joho lake limekunjwa vizuri. Alilijaribu nyumbani na mwanawe wa mwisho akakimbia hadi kwa majirani. Aliomba msamaha mara nyingi. Feza, ambaye angekuwa msimulizi wa kusoma Injili kwa kipaza sauti na hivyo hakuweza kuvaa, alisema saba wanatosha.

Jioni hiyo padre aliosha miguu ya watu kumi na wawili wa mataifa mbalimbali, na yale maji yaliyobaki kwenye beseni hayakumwagwa. Yalipelekwa kwenye mwarobaini uliopandwa mlangoni mwa kanisa. Kisha tulikwenda kula kwa Mhabeshi mmoja mwenye hoteli sokoni. Yeye na mkewe walikuwa katikati ya mfungo wao. Pasaka yao mwaka huu ilikuwa bado zaidi ya mwezi mbele. Alituletea shiro, mchuzi wao wa unga wa dengu, na mkate wa injera, akacheka kwamba sisi tunakimbilia kumfufua Yesu wakati kwake hata hajafika Yerusalemu.

Ijumaa Kuu

Niliyapanga majoho yote manane kwenye benchi katika chumba cha nyuma cha kanisa, kisha nikaenda kumshonea Deng kanzu iliyochanika begani. Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Nikajua Mama Goreti amebadili nia, nikafurahi.

Msalaba ulikuwa wa mti wa mathenge, na taji la miiba lilitoka mti huohuo. Tulianzia uwanja wa kanisa, tukapita katikati ya nyumba, kuelekea kwenye kilima kidogo cha udongo kando ya lagga ya Tarach. Nyimbo zilipokezana: Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kifaransa, na Waturkana wa mjini waliokuja na zao. Wale askari walitoka nyuma ya ukuta pale Pilato aliponawa mikono, na nyimbo zikakatika zenyewe. Hawakukimbia wala kusukuma. Walimzunguka Deng tu, wakatembea. Mzee mmoja karibu nami alikaa chini. Wanawake wawili waliondoka na watoto wao, na sikuwalaumu. Waliobaki walifuata, na kwa mara ya kwanza katika maandamano hayo yote nilisikia viatu.

Niliwahesabu, kama fundi anavyohesabu kazi yake. Walikuwa wanane.

Juu ya kilima Deng alifungwa kwa kamba. Feza alisoma vizuri hadi pale Yesu anaposema naona kiu, na Deng akalisema, kwa sauti iliyokauka kweli. Watoto walikuwa tayari. Walitoka pande zote na vikombe vya plastiki vyenye maji, wakitembea upesi kwa uangalifu ili yasimwagike, na mbele yao alikuwa Neema. Nadhani mwaka huu walikuwa wamepanga kuwahi.

Wale wanawake walikuwa wamepewa fimbo na kuambiwa wasiruhusu mtu kupita. Niliona fimbo ya kwanza ikiteremshwa kuwapisha, kisha nyingine. Achol mwenyewe, ambaye nilimjua kwa urefu wake, aligeuza uso. Ni mmoja tu aliyesogea. Alipiga hatua moja, akaweka fimbo yake mbele ya Neema, imelala, kwa kimo cha kifua chake.

"Anaomba maji," Neema akamwambia.

"Nimesikia," yule askari akasema. "Rudi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Niligeuka bila kufikiri, na nyuma yangu alikuwa amesimama Mama Goreti, na mwanawe yule wa mwisho kando yake, na leso yake ya kila siku.

Neema alimtafuta mama yake kwa macho. Feza alikuwa ameshusha kipaza sauti. Mtoto hakurudi nyuma na hakupita. Alisimama pale pale na kikombe chake kimejaa, wenzake nyuma yake, mpaka Deng alipoinamisha kichwa. Feza akaendelea kusoma: pazia la hekalu likapasuka, na yule akida aliyesimama mbele yake akaona jinsi alivyokata roho, akasema. Hapo sauti ya Feza iliisha. Upepo ulikuwa unaingia kwenye kipaza sauti.

Yule aliyezuia njia alilisema badala yake, bila kupaza: "Hakika mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu." Alilisema kama mtu anayejibu swali aliloulizwa yeye. Kisha akashuka kilima upande wa lagga, na watu wakampisha.

Kwenye benchi yalirudi majoho saba.

Jumamosi na Jumapili

Niliuliza, mnanijua. Achol alisema aliuona mkono kwenye fimbo na haukuwa wa mwanamke, na kwamba alipomwona akitokea chumba cha nyuma alidhani Feza amemleta. Feza alidhani Achol amemleta. Deng alisema mtu huyo ndiye aliyemfunga kamba, na kwamba alizifunga kwa namna ambayo hazikumuumiza hata kidogo lakini asingeweza kuzifungua. Sokoni wengine walisema ni polisi, wengine mgeni aliyepokelewa wiki hiyo kutoka mpakani, wengine Yuda wa sokoni, ambaye aliapa kwamba yeye jina moja linamtosha. Jumamosi hiyo Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake na mji wote wa Kakuma ukawa kwenye redio, kwa hiyo maswali yangu hayakuwa na wateja. Lafudhi yake hakuna aliyeweza kuitaja. Mimi nilisikia Kiswahili kilichofunzwa ukubwani, na huko hicho ni cha watu wengi mno.

Nilipomuuliza Feza alichofikiri, alisema tu: "Ule alijua kusimama kama askari ya kweli."

Mchana wa Jumamosi, tulipokuwa tunapiga pasi kanzu za ubatizo kwa pasi ya makaa, Neema aliingia akasimama mlangoni. Aliuliza kama baba yake naye aliomba maji. Feza alinipa pasi, akamshika mkono, wakaingia ndani. Nilipiga pasi kanzu zote, na zile nilizokwisha kupiga nikazipiga tena. Walipotoka macho yao yalikuwa mekundu na Neema aliniuliza kama nimekunywa chai. Nilikuwa sijanywa. Akanipikia.

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa hadi chini ya mwarobaini. Wale wanawake saba walikuja na nguo zao nzuri kabisa na kucheza kutoka mlangoni hadi altareni, Achol mbele. Baada ya misa Feza aliwakusanya watoto wa darasa lake akawauliza tena, nani alimuua Yesu.

"Mama zetu," wakajibu kwa pamoja. Walikuwa wamewatambua kwa miguu tangu mwanzo.

Umati ulicheka, na Achol kuliko wote. Alipotulia, Neema akamaliza jibu: "Mama zetu, na yule mmoja."

Kurudi

Bashir alinichukua tena Jumanne. Nilimuuliza kama ni yeye aliyevaa joho, kwa kuwa lori lake lilikuwa Kakuma siku ile. Alicheka hadi ikabidi apunguze mwendo, kisha akataka nimsimulie yote tangu mwanzo, na nilipomaliza akaniomba nirudie mahali pa fimbo. Lodwar nililala kwa Nakiru. Aliwasha moto, akanichomea samaki, akaniuliza joho moja limeenda wapi, kana kwamba mimi ndiye wa kulinda.

Nimefika nyumbani na vumbi la nchi ile bado liko kwenye mishono ya mfuko. Feza alinipigia Jumapili ya Pasaka ya Wahabeshi, na nyuma yake nilisikia ngoma zao. Joho halijarudishwa. Halijaonekana sokoni, halijakatwa likawa kitu kingine, na hakuna mtu aliyekuja kujitaja. Alikuwa anaagiza kazi ya mwaka ujao: kanzu mpya ya Deng, leso za aina moja, na kurekebisha majoho yaliyoburuzika. Nikamuuliza kama nishone joho moja, yatimie manane tena.

"Hapana," akasema. "Tengeneza tu ile saba. Ya munane iko na mwenyewe."